SOMO LA BIOLOJIA: KROMOSOMU MOJA YA ZIADA



Ukurasa wa masomo wa muhula huu nimepewa mimi. Wenzangu wa kalasi ya sita walitaka niandike juu ya Egzeta. Lakini nimeona vizuri kuandika juu ya jambo moja ambalo tunalisoma katika biolojia, na tena tunaliona kwa macho katika mitaa yetu ya Baraka na Fizi, na bado wengi wetu hatujajua kwamba lile la daftari na lile la mtaani ni jambo moja. Jambo lenyewe ni watoto wanaozaliwa na trisomia 21, ambayo wengine wanaiita hali ya Down.

Wote mmekwisha kumwona mtoto wa namna hii. Macho yake yameinuka kidogo pembeni, pua yake ni bapa pale juu, shingo ni fupi, ulimi unapenda kutoka nje. Alikawia kukaa, akakawia kutembea, na kusema alikawia zaidi. Anacheka upesi na watu. Lakini shuleni hayumo, na siku ya wageni anafichwa ndani.

Na wote mmekwisha kusikia maneno ya watu. Eti mama yake alipokuwa na mimba aliona kitu kibaya mtoni. Eti mahari haikulipwa yote. Eti ni mtoto wa mizimu. Eti amelogwa, ao yeye mwenyewe ndiye mlozi. Mimi kama kapita ninasikia hata hapa uwanjani: mwenzetu akikosea hesabu kwenye ubao, wanamwita kwa jina la mtoto fulani wa mtaani, na wote wanacheka. Ndiyo sababu ya somo hili. Mtu anayesoma biolojia miaka mingi, halafu akacheka namna hiyo, amesoma bure.

I. JINA LILITOKA WAPI

Mwaka 1866 mganga mmoja Mwingereza, John Langdon Down, aliandika maelezo ya watoto hawa. Alikuwa msimamizi wa nyumba kubwa ya watu wenye upungufu wa akili. Aliona kwamba baadhi yao wanafanana sana, hata kama si wa jamaa moja, kama vile wamezaliwa tumbo moja. Hapo alitazama vizuri. Lakini alipotafuta sababu alikosea: aliwafananisha na watu wa taifa la Asia, akawaita kwa jina la Wamongoli. Jina hilo lilidumu karibu miaka mia. Mwaka 1965 nchi ya Mongolia yenyewe ililalamika mbele ya Shirika la Afya Ulimwenguni, na jina likaachwa. Kumbe hata mganga mwenye elimu anaweza kuona sawasawa kwa macho na kueleza vibaya kwa mdomo. Tukumbuke hilo kabla ya kucheka wazee wetu wanaosema mizimu.

II. KROMOSOMU NI NINI

Turudi kwenye daftari. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, nyingi sana kuliko mchanga unaoweza kubeba kwa ndoo. Ndani ya karibu kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi ndogo zinazoitwa kromosomu. Juu ya nyuzi hizo zimepangwa jeni. Kila jeni ni kama agizo: tengeneza kitu hiki, kwa kipimo hiki, wakati huu.

Hesabu ya kromosomu ni 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Msidhani hesabu hii ilijulikana zamani. Miaka mingi vitabu viliandika 48, na walimu wakafundisha 48. Ni mwaka 1956 tu Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi Sweden, walitangaza kwamba wamehesabu upya na kukuta 46.

Baada ya hesabu kunyoshwa, mlango ulifunguka. Huko Paris, katika hospitali ya Trousseau, mganga mwanamke Marthe Gautier alikuwa amejifunza Marekani namna ya kuotesha seli ndani ya chupa. Vyombo vilikuwa vichache. Alitumia hata damu yake mwenyewe katika kazi ile. Katika seli za mtoto mwenye hali ya Down alikuta kromosomu 47. Darubini yake haikuweza kupiga picha, na mwenzake Jérôme Lejeune akachukua vioo vile vikapigwe picha mahali pengine. Mwezi wa Januari 1959 habari ilitangazwa kwa majina ya Lejeune, Gautier na mkubwa wao Raymond Turpin. Sifa nyingi zilimwendea Lejeune. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya Inserm, shirika la utafiti wa afya la Ufaransa, ilieleza kwamba kazi ya Gautier katika uvumbuzi ule ilikuwa kubwa. Alikufa mwaka 2022, akiwa na miaka 96. Wasichana wa kemia-biolojia, shikeni jina hilo.

Ile kromosomu ya 47 ni ya jozi ya 21. Badala ya mbili ziko tatu. Tri maana yake tatu, ndiyo sababu tunasema trisomia 21.

III. NI NANI ALIYEKOSA?

Hili ndilo swali ambalo linavunja nyumba. Basi tufuate pole pole.

Mwili unapotengeneza yai la mama ao mbegu ya baba, unagawanya zile 46 katikati. Kila jozi inaachana: moja huku, moja kule. Yai linabaki na 23, mbegu inabaki na 23, na zikikutana zinafanya 46 tena. Lakini mara nyingine jozi moja inashindwa kuachana. Fikirieni watu wawili walioshikana mikono wakifika mahali njia inapogawanyika: mmoja alipaswa kwenda kuume, mwingine kushoto, lakini wote wawili wanakwenda upande mmoja. Yai lile linapata kromosomu 21 mbili. Ikiongezeka ile ya baba, zinakuwa tatu. Na kila seli itakayotoka hapo, toka kichwa mpaka kidole cha mguu, itakuwa na tatu.

Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa watoto karibu 95 katika 100 wenye hali hii. Kwa watoto 3 ao 4 katika 100, kipande cha kromosomu 21 kimeshikamana na kromosomu nyingine, na hapo mara nyingine jambo linaweza kutoka kwa mzazi mwenye afya ambaye hajui. Na 1 ao 2 katika 100 wana seli za namna mbili, nyingine 46 na nyingine 47.

Sasa angalieni saa. Kosa la kugawanyika linatokea katika yai ao mbegu, kabla mimba haijawa, ao mwanzo kabisa. Kwa hiyo alichokiona mama mtoni mwezi wa tano hakiwezi kuwa sababu. Alichokula hakiwezi kuwa sababu. Ugomvi wa mahari hauwezi. Jirani mwenye jicho baya hawezi. Mambo yote yalikwisha kupangwa kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Je, ni yai ao ni mbegu? Mara nyingi, karibu mara 9 katika 10, kosa limetokea katika yai. Lakini si kwa tendo la mama. Mayai ya mwanamke yanaanza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, halafu yanasimama katikati ya kazi na kungoja. Yai la mwanamke wa miaka 40 limengoja miaka 40 na zaidi. Kungoja huko kunachosha vifungo vinavyoongoza kromosomu. Ndiyo sababu umri unaongeza hatari. Kwa mama wa miaka 20 ni mtoto mmoja katika karibu 1500. Kwa mama wa miaka 35 ni mmoja katika karibu 350. Kwa mama wa miaka 40 ni mmoja katika karibu 100. Kwa mama wa miaka 45 ni mmoja katika karibu 30. Lakini hata mama wa miaka 18 anaweza kumzaa, na mara nyingine kosa ni katika mbegu ya baba. Basi mwanaume anayemfukuza mke wake kwa sababu ya mtoto huyu, anamfukuza kwa kosa ambalo hakulitenda, na ambalo labda limetoka kwake mwenyewe.

Ninyi mnaokwenda Mafundisho ya Jumapili mnakumbuka Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana dhambi ni ya nani, ya mtu yule ao ya wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Hakubaki kutafuta mwenye kosa, alianza kumsaidia mtu. Mimi naona biolojia hapa haipingani na Injili. Zote mbili zinasema: acheni kutafuta mwenye kosa.

IV. MBONA JENI NZURI ZINALETA SHIDA?

Mwenzetu mmoja wa kalasi ya nne aliniuliza swali zuri: kama ile kromosomu ya tatu ni nzima, haina ugonjwa, kwa nini mtoto anapata shida? Mali ikiongezeka si ni baraka?

Jibu liko jikoni. Chumvi si sumu. Lakini mama akipika sombe, akatia chumvi sawasawa, halafu dada akapita akatia nusu tena ya kipimo kile, sombe inabadilika. Hakuna kitu kibaya kilichoingia, ni kipimo tu kimepita. Kromosomu 21 ndiyo ndogo kuliko zote, lakini ina jeni zaidi ya 200. Mwaka 2000 wataalamu wa nchi mbalimbali walimaliza kusoma karibu maandiko yake yote. Jeni zikiwa tatu badala ya mbili, nyingi zinafanya kazi kupita kipimo, na kazi ya mwili mzima inasogea kidogo: moyo, misuli, masikio, ubongo.

Karibu nusu ya watoto hawa wanazaliwa na kasoro ya moyo. Misuli ni laini, ndiyo sababu kunyonya kunawachosha na kutembea kunakawia. Wengi hawasikii vizuri. Homa za kifua zinawashika upesi. Tezi ya shingo mara nyingi inafanya kazi kidogo. Na katika jeni za kromosomu 21 kuna moja inayoitwa APP, ambayo inahusika na ugonjwa wa Alzheimer, yaani kusahau kwa uzee. Kwa watu hawa ugonjwa huo unaweza kuja mapema, mara nyingi kabla ya miaka 60.

Lakini msidhani wote wanakufa wadogo. Katika Marekani, mwaka 1983, wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 25. Leo huko ni karibu miaka 60. Kromosomu haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni watu: walianza kupasua mioyo ya watoto hawa na kuitengeneza, na wakaacha kuwafungia mbali na jamaa zao.

Je, kuna dawa ya kuondoa kromosomu ya tatu? Hapana. Mwaka 2013 Jeanne Lawrence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walifaulu kuinyamazisha kromosomu ile ya tatu, lakini katika seli zilizo ndani ya chombo cha maabara, si katika mwili wa mtoto. Anayewauzia wazazi dawa ya kuimaliza hali hii anawaibia.

V. AKILI YAKE INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Watu wanasema: ule mtoto hana akili. Neno hili si kweli. Akili iko, lakini haikupangwa sawasawa na ya wengine. Wataalamu wa saikolojia wamewapima watoto hawa sana, na wamekuta mambo manne ambayo yanafaa kujulikana na kila mwalimu.

1. Anaelewa kuliko anavyosema. Mtoto anaweza kusikia agizo lote, lakini mdomo na ulimi vinakawia. Mtu akimpima kwa maneno anayotoa, atamdharau bure.

2. Kumbukumbu ya masikio ni fupi. Ukimwambia: nenda kwa shangazi, leta kikapu, pitia kwa jirani uchukue moto, atabaki na neno moja. Hakukataa kutii. Maneno yalitoka kichwani kabla hayajashika.

3. Kumbukumbu ya macho ina nguvu zaidi. Kitu alichokiona, alichokishika, alichoonyeshwa kwa mkono, kinabaki. Katika mtaa mmoja wa hapa Baraka kuna kijana wa namna hii anayefuata mazoezi ya kwaya kutoka dirishani. Maneno ya wimbo hayashiki, lakini miendo ya mikono anaijua yote, na mara nyingine anaitangulia kabla ya waimbaji wenyewe. Watu wanaona ni mchezo. Mimi ninaona ni somo: hapo anaonyesha mlango ambao akili yake inapitia.

4. Anahitaji muda. Ukiuliza swali, ngoja. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Wengi wetu tunauliza, tunangoja kidogo tu, halafu tunajibu sisi wenyewe na kusema hajui.

Kwa sababu ya lile la tatu, kuna jambo lilishangaza hata wataalamu. Zamani walimu wengi waliamini kwamba watoto hawa hawawezi kusoma kitabu. Huko Uingereza baba mmoja, Leslie Duffen, alimfundisha binti yake mwenye hali ya Down kusoma akiwa bado mdogo sana, kwa kumwonyesha maneno yaliyoandikwa. Aliandika barua kwa mwanasaikolojia Sue Buckley wa Portsmouth, na toka mwaka 1980 Buckley akaanza kuchunguza na watoto wengine. Alikuta kwamba wengi wanaweza kujifunza kusoma, na tena kusoma kunawasaidia kusema, sababu neno lililoandikwa linatulia mbele ya macho, lakini neno lililosemwa linaruka. Si wote wanafika mbali sawasawa. Lakini hata sisi katika kalasi hatufiki sawasawa.

VI. TUSICHANGANYE NA UGONJWA WA IDJWI

Hapa ninaomba usikivu, maana jambo hili ni la jimbo letu la Kivu ya Kusini. Si kila mtoto anayekawia akili ana trisomia.

Katika miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi na kituo cha Lwiro, kati yao Mbelgiji François Delange, walichunguza kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Walikuta watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo, na pia watoto wafupi, wazito wa akili, wengine wasiosikia. Sababu haikuwa kromosomu. Ardhi na chakula vilikosa iodi, na bila iodi tezi ya shingo haiwezi kutengeneza kitu ambacho ubongo wa mtoto unahitaji toka tumboni. Waliona pia kwamba kaskazini mwa kisiwa rovu ilikuwa nyingi kuliko kusini, ingawa iodi ilikuwa kidogo pande zote mbili. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba muhogo usiotengenezwa vizuri unaongeza ubaya, maana sumu yake inazuia tezi kushika ile iodi kidogo iliyopo.

Tofauti ni hii. Trisomia 21 haizuiliki kwa chakula. Ukosefu wa iodi unazuilika kabisa: chumvi yenye iodi, na muhogo uliolowekwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri. Basi anayesema watoto wote wanaokawia ni wa mizimu, anaharibu mara mbili. Yule wa kwanza anamwonea bure, na yule wa pili anamnyima chumvi ambayo ingemwokoa mdogo wake atakayezaliwa.

VII. KOMPYUTA ILIYOSHINDWA KUWATAMBUA WATOTO WA KONGO

Kujua kwa hakika kunatokana na kuhesabu kromosomu katika damu, na kazi hiyo inataka maabara kubwa. Kwetu Fizi mganga anatazama dalili tu. Sasa sikieni habari hii. Siku hizi kuna programu ya kompyuta inayotazama picha ya uso na kutaja hali ya mtoto. Mganga wetu Mkongomani Aimé Lumaka wa Kinshasa, pamoja na wenzake wa Kinshasa na wa Leuven huko Ubelgiji, waliijaribu, wakatangaza matokeo mwaka 2017. Kwa watoto wa Ubelgiji wenye hali ya Down, programu iliwatambua 80 kwa mia. Kwa watoto wa Kongo, karibu 37 kwa mia tu. Kwa nini? Sababu ilikuwa imefundishwa kwa nyuso za Wazungu zaidi. Walipoifundisha kwa picha za Waafrika pia, ikafika karibu 95 kwa mia.

Somo liko wazi. Mashine haikuwa na ubaya, ilikosa kufundishwa. Na vitabu tunavyosoma navyo vina picha za watoto wa Ulaya. Mganga wa zahanati anayengoja kuona uso wa kwenye kitabu, anaweza kumpita mtoto wa Kibembe ama wa Kifuliiru bila kumtambua, na moyo wake usisikilizwe mapema. Utafiti juu ya watoto wetu unapaswa kufanywa na sisi pia. Nani katika kalasi hii atakwenda?

Tena neno la onyo. Msianze kukagua viganja vya wenzenu, eti mwenye mstari mmoja mkononi ana trisomia. Watu wengi wazima wanao mstari huo. Dalili moja peke yake si kitu.

VIII. SISI TUFANYE NINI

Duniani karibu mtoto mmoja katika kila watoto 700 mpaka 1000 anazaliwa na hali hii. Hesabuni wenyewe: mahali kama hapa petu, penye watu wengi na uzazi mwingi, watoto hawa hawawezi kukosa. Kama hatuwaoni, ni kwamba wamefichwa, ao wamekufa mapema. Basi:

1. Nyumbani, mtoto mchanga anayenyonya kwa shida asiachwe. Anyonyeshwe mara nyingi, kidogo kidogo. Apelekwe zahanati, achanjwe kama wengine, na mganga aombwe kusikiliza moyo wake. Baadaye apimwe masikio.

2. Tuombe, ndiyo, sisi ni watu wa maombi. Lakini kumfunga mtoto, kumpiga ao kumnyima chakula ili roho itoke, huko si kuomba. Roho gani itatoka, na kromosomu iko katika kila seli? Tena sheria ya nchi inakataza. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu.

3. Shuleni, mlango ufunguliwe. Tarehe 3 Mei 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na kusoma ni haki yao. Mwalimu aonyeshe kwa mkono na picha, aseme maneno machache, arudie, angoje. Hesabu ifundishwe kwa maharagwe na kwa ndagala, si kwa mdomo tu.

4. Kanisani, tunaofundisha watoto Jumapili tumwite aliye dirishani aingie. Hatuhitaji feza wala maabara kwa kazi hiyo.

5. Hapa shuleni, lile jina la kuchekea liishe. Kama kapita ninaweza kuandika majina ya wanaolitumia, na nitaandika. Lakini ningependa zaidi liishe sababu tumeelewa.

Kila mwaka tarehe 21 ya mwezi wa 3 dunia inakumbuka watu hawa. Walichagua 21 kwa jina la kromosomu, na mwezi wa 3 kwa kuwa ziko tatu. Mwaka ujao sisi wa sita hatutakuwa hapa. Ninyi mtakaobaki, siku hiyo msifanye karamu. Nendeni kwenye nyumba moja mnayoijua, msalimie mama, na mumwite mtoto kwa jina lake alilopewa na wazazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kitu alichokiona mama katika mwezi wa tano wa mimba hakiwezi kuleta trisomia 21?
2. Kromosomu ya ziada haina ugonjwa ndani yake. Eleza basi shida inatoka wapi. Tumia mfano wako mwenyewe, si wa chumvi.
3. Taja tofauti mbili kati ya trisomia 21 na shida iliyoonekana Idjwi. Ni ipi tunayoweza kuizuia, na kwa njia gani?
4. Unataka kumfundisha mtoto mwenye hali hii kuhesabu mpaka tano. Andika utakavyofanya siku ya kwanza.

Mwenye kutaka kusahihishiwa alete daftari lake siku ya Jumatano baada ya masomo ya mchana. Bwana awabariki.

Ndugu yenu, kapita wa wanafunzi,
Kalasi ya sita, Kemia-Biolojia